Kazi na Riziki: Leo wewe ndiye bosi

 

Miezi mingi ukurasa huu umekuwa ukiongea na yule anayetafuta kazi: barua aiandike vipi, avae nini, afike saa ngapi. Leo tugeuze kiti. Tuongee na yule anayekaa upande wa pili wa meza, anayeuliza maswali na anayetoa jibu.

Usifunge ukurasa ukasema hili halinihusu, mimi mkimbizi nitamwajiri nani. Hebu tembea sokoni uhesabu. Mwenye hoteli ana mpishi na wawili wa kuosha vyombo. Mwenye duka ana kijana wa kubeba magunia. Fundi cherehani ana wasichana wawili wanaotia vifungo. Mwenye kuchaji simu ana mtu wa kumkalia pale akienda kuswali. Hao wote ni waajiri, hata kama hakuna hata mmoja anayejiita hivyo. Na huko kwetu Kismayu, kati ya waliorudi tangu mpango wa kurudi kwa hiari uanze Desemba 2014, wako walionunua mashine ya boti, wako waliofungua duka au stoo ya samaki. Wanatafuta watu wa kufanya nao kazi, na watu wanaowajua ndio hawa walioko kambini. Simu inapigwa: "Njoo, kazi ipo."

Hilo neno "njoo" ndilo tunalotaka kuliongelea leo, kwa sababu wengi wanalitoa kirahisi kama salamu.

Mtu wa kambini akiambiwa njoo, anaacha vitu ambavyo havirudi. Kama alikuwa na kazi ya motisha katika shirika, akiiacha tu, nafasi yake ina watu wanaoingoja. Hawezi kurudi wiki ya pili akasema nimebadilisha mawazo. Na kama anakwenda Kismayu kwa mpango wa kurudi, basi anajaza fomu na kutia sahihi, kadi ya rasheni inafungwa, watoto wanatolewa shule, vyombo vya nyumbani vinauzwa kwa bei ya kutupa. Makubaliano waliyotia sahihi Kenya, Somalia na UNHCR tarehe 10 Novemba 2013 yanasema kurudi kuwe kwa hiari na kwa usalama. Hayasemi popote kwamba mjomba aliyekupigia simu atakuwa bado na ile nafasi siku utakayofika. Na sote tunawajua watu waliokwenda, wakakuta mambo siyo, wakarejea Dadaab. Waliporejea kadi haikuwangoja. Wakaingia katika nyumba za jamaa, chakula kilichopimiwa watu watano kikaliwa na kumi.

Kwa hivyo bosi, kabla hujamwita mtu yeyote, kaa chini na kalamu. Andika kazi yenyewe ni ipi, ni ya saa ngapi mpaka saa ngapi, utaweza kulipa kiasi gani hata ule mwezi ambao biashara imelala. Wengi wetu tunaita watu watano, wanakaa kwenye benchi, na hapo ndipo tunaanza kufikiria kazi. Wa kwanza anaambiwa ni ya duka, wa tatu anaambiwa ni ya duka na kufagia na kumpeleka mtoto madrasa.

Sasa tuje kwenye mahojiano, au kama vijana wanavyosema, intavyuu. Watu wa bahari wanajua kwamba baharia hapimwi kitini. Kijana anaweza kukaa mbele yako akasema amevua Koyama, Chovai, Chula, anaijua miamba yote, na maneno yake matamu kama halua. Mpe kamba afunge. Mtie chomboni umtazame anavyokaa wimbi likija, anavyoshika nyavu, kama anauliza pale asipojua au anajifanya anajua. Huyu wa mwisho ndiye atakayekupandisha mwambani. Na yule mnyonge wa maneno, aliyekuwa akitazama chini muda wote ulipomuuliza maswali, huenda ndiye aliyeziba maji ya mashua kabla wewe hujayaona.

Kazi za nchi kavu ni vivyo hivyo. Mpishi apike sufuria moja. Fundi ashone kola. Wa dukani mpe hesabu ya wateja watano, huyu ametoa noti ya elfu, huyu anataka nusu kilo ya sukari, yule analipa deni la jana, umwone anavyorudisha chenji. Dakika ishirini zitakuonyesha mengi kuliko masaa mawili ya "hebu nieleze juu yako". Lakini tahadhari hapa. Jaribio la nusu saa ni jaribio. Ukimweka mtu siku nzima akawahudumia wateja wako, hiyo ni kazi, mlipe siku yake. Na wale wanaomweka mtu wiki mbili "tukuone kwanza", kisha wanamwambia hufai, wanaleta mwingine wa wiki mbili nyingine, sisi hilo hatuliiti jaribio. Tunajua ni nani, na wao wanajua kwamba tunajua.

Liko swali moja ambalo kwetu hutangulia hata kabla ya jina: wewe ni wa nani? Yaani ukoo gani, kabila gani. Sisi Wabajuni tunalijua swali hili kwa upande wa kuulizwa. Vita vilipofika Kismayu mwaka 1991 hatukuwa na ukoo wenye jeshi la kutukinga. Vyombo viliporwa, nyumba ziliporwa, watu wakapanda mashua kuja Lamu, Malindi na Mombasa. Na tangu hapo ni mara ngapi mtu wetu amefika mahali pa kazi, ujuzi anao, akaulizwa swali hilo moja, kisha akaambiwa tutakupigia? Basi itakuwa ajabu leo Mbajuni apate duka lake au boti yake, naye aanze na swali lile lile kwa kijana wa kutoka bara aliyekuja kuomba kazi ya kubeba barafu. Hapa Kenya sheria pia imelikataza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inamzuia mwajiri kumbagua mtu kwa kabila lake, rangi, dini, lugha, jinsia, ulemavu, ujauzito au hali ya virusi vya UKIMWI, na hiyo ni tangu wakati wa kumchagua, hata kabla hajaanza kazi.

Tunajua utakavyojibu. Utasema nataka mtu ninayeweza kumwamini, na nitamjuaje kama sijui anatoka wapi? Hilo ni neno la haki, tena mwenye duka kambini hana polisi wa kumkimbilia kila siku. Lakini uaminifu wa mtu hauko katika ukoo wake, uko kwa watu waliofanya naye kazi. Muulize: umewahi kumfanyia nani kazi? Nani anaweza kukusemea? Kisha nenda kwa huyo mtu kweli, uulize vitu viwili tu: alikuwa akifika kwa wakati, na pesa zilikuwa zikitimia? Kama hajawahi kufanya kazi, muulize mwalimu wake wa madrasa au wa shule, au kiongozi wa bloku.

Kwa wanawake, maswali tunayoyasikia yanatia haya. Una mimba? Mumeo atakubali? Utazaa tena lini? Mambo hayo si yako. Kinachokuhusu wewe ni kazi, basi eleza kazi: "Mama, hapa tunafungua saa kumi na moja alfajiri, tunafunga saa nane mchana, na sufuria hizi ni nzito. Utaweza?" Mwenyewe anajua watoto wake wako na nani saa hiyo, anajua mgongo wake. Atakujibu. Akisema saa kumi na moja siwezi lakini saa kumi na mbili na nusu naweza, hapo mna jambo la kuzungumza.

Watoto tupite haraka kwa sababu sheria haina mzunguko: chini ya miaka 13 haajiriwi kabisa, na wa miaka 13 mpaka 16 ni kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumtoa shule. Yule wa kukaa kwenye chaji za simu tangu asubuhi siku ya Jumanne, shule yake iko wapi?

Na vipande. Utakuta bosi anasema niachie kadi yako, au niachie kibali chako cha kusafiri, nitakurudishia ukimaliza mwezi. Usifanye hivyo. Mkimbizi bila karatasi zake ni mtu asiyeweza kwenda hospitali wala kupita kizuizi cha barabarani. Unataka kumbukumbu? Andika namba, piga picha kwa simu, mrudishie papo hapo. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021 imempa mkimbizi haki ya kufanya kazi na biashara, lakini karatasi bado zinatakiwa, na vibali bado vinasumbua watu. Kabla ya kumpa mtu kazi ya nje ya kambi, uliza ofisini karatasi gani zinahitajika, mjue wote wawili mapema.

Haya, umeshapata mtu wako. Sasa unampa kazi. Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa, na hauzaliwi na ubaya, unazaliwa na maneno nusu.

Chukua kazi ya chombo. Baharia kwa kawaida hana mshahara, ana fungu. Kila mtu anadhani anajua mafungu yanavyogawanywa, kumbe kila chombo kina desturi yake. Tuseme samaki wameuzwa shilingi 60,000. Mafuta, barafu na chakula cha safari vimekula 18,000. Zinabaki 42,000. Boti na mashine yake mafungu mawili, nyavu fungu moja, nahodha mafungu mawili, mabaharia wawili fungu moja moja. Jumla mafungu saba, kila fungu 6,000. Baharia anakwenda nyumbani na 6,000 yake. Lakini tuseme mmefika pwani, samaki wameshauzwa, ndipo mwenye boti anasema mashine ni mpya, ina fungu lake mbali. Sasa mafungu ni manane, kila moja ni 5,250. Mashine kuwa na fungu lake si kosa, boti nyingi ziko hivyo. Ila zile 750 zilizotoka mfukoni mwa baharia zimetoka kwa sababu ya neno lililopaswa kusemwa kabla ya kung'oa nanga. Safari ya pili huyo baharia hutamwona, au utamwona na samaki wanapungua njiani.

Tena taja msimu. Ukimwita mtu kutoka kambini mwezi wa Aprili aje avue nawe Kismayu, mwambie wazi kwamba kusi inaingia. Bahari ikichafuka, vyombo vidogo vitakaa siku nyingi juu ya mchanga, na fungu la sifuri ni sifuri. Siku hizo atakula nini? Utampa kazi ya kushona nyavu kwa malipo ya siku? Utamkopesha, kisha ukate kwenye mafungu ya matlai? Yote yanawezekana mkishakubaliana. Kama mkopo upo, uandikwe, wewe una nakala na yeye ana nakala, kwa sababu deni la kichwani hukua kila likitajwa.

Kazi za mshahara ziandikwe pia. Sheria ile ya 2007 inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na kama mfanyakazi hajui kusoma, au hajui lugha iliyoandikwa, asomewe na kuelezwa kwa lugha anayoielewa, kisha atie sahihi au dole gumba. Usiogope neno mkataba ukadhani lazima uende kwa wakili. Karatasi ya daftari inatosha. Mfano, kwa hoteli:

"Mimi ……… mwenye hoteli, nimekubaliana na ……… kwamba atafanya kazi ya upishi. Ataanza siku ya ……… tarehe ……… Saa za kazi ni kutoka saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nane mchana, na siku ya mapumziko ni Ijumaa. Mshahara ni shilingi ……… kwa mwezi, utalipwa kila tarehe ……… kwa M-Pesa. Chakula cha mchana ni juu yangu. Miezi miwili ya kwanza ni ya majaribio, kwa mshahara huo huo. Wakati wa majaribio, anayetaka kuacha kazi au kuachisha atatoa taarifa ya siku saba. Baada ya hapo, mwezi mmoja. Sahihi ya mwajiri. Sahihi ya mfanyakazi. Shahidi."

Majaribio yasizidi miezi sita bila yeye kukubali kuongezewa. Na likizo ya mwaka ipo, siku 21 za kazi kwa aliyetimiza miezi kumi na miwili, hata kama hukuiandika.

Wewe uliye Kismayu unayempigia mtu aliye kambini, wewe unahitaji kuandika zaidi kuliko mwenye hoteli, na bahati mbaya ndiye unayeandika kidogo zaidi. Simu ina kelele, mtu ana furaha, anasikia anachotaka kusikia. Ukishakata simu, mtumie ujumbe wa maandishi: kazi gani, malipo ni mshahara au fungu, ni dola ngapi, zitaingia kwa EVC au kwa mkono, atalala wapi mwezi wa kwanza, nauli ni ya nani. Na kama mashine ya boti bado iko njiani, sema iko njiani. Usiseme "kazi ipo" wakati ilichopo ni nia njema. Mwambie, "Ngoja mpaka nikutumie picha ya mashine ikiwa juu ya boti." Mwezi mmoja wa kungoja akiwa na kadi yake mkononi hautamdhuru.

Naye akikujibu, "Ami, nipe siku tatu niulize nyumbani," usikasirike. Kwetu kijana akiuliza habari za malipo mara ya pili anaonekana hana adabu, na akiomba siku za kufikiri anaambiwa anaringa. Jamani, huyo anaamua juu ya mke, watoto na mama mzee. Mpe siku, ila mtajie mwisho wake: "Nakungoja mpaka Alhamisi baada ya Isha, kisha nitamwita mwingine." Hapo hakuna aliyeonewa.

Wale wanne uliokuwa umewaita na hukuwachukua, waambie. Ujumbe mfupi tu: ahsante kwa kuja, nafasi imepata mtu. Wengi hunyamaza wakidhani kunyamaza ni upole, na yule maskini anakaa wiki tatu hachukui kibarua kingine kwa sababu anangoja simu yako. Tena mtakutana kwenye foleni ya maji, utamkwepa mpaka lini?

Limebaki swali ambalo huletwa kwetu mara nyingi, nasi tutalijibu kwa jinsi tunavyoona sisi. Nimeshamwambia mtu aje aanze kazi Jumatatu, sasa mtoto wa dada yangu amefika kutoka Kismayu hana kitu, na dada analia kwenye simu. Nifanye nini?

Jibu letu ni kwamba yule wa Jumatatu aanze Jumatatu. Mpwa wako ana wewe. Ana mahali pa kulala na sahani ya wali, kisha mtatafuta naye, na kama kuna kazi ya pili hotelini, ni yake. Yule mwingine ulipomwambia njoo aliacha alichokuwa nacho, na nyuma yake hakuna mjomba. Dada atanuna kwa muda. Na kama hali imekushinda kabisa, labda hoteli imefungwa au boti imezama, basi mwite yule mtu uso kwa uso, usimtume mtoto, umweleze, na umpe kitu cha kumvusha mpaka apate pengine. Mtu aliyesafiri kutoka kambini kwa sababu ya neno lako, nauli ya kurudi ni juu yako, na hilo pia ungeliandika kwenye ule ujumbe.

Mwezi ujao tutaongea juu ya daftari la mishahara, na nini cha kufanya mwezi ambao pesa hazikutosha kulipa wote. Wenye maswali waandike kwa jina au bila jina, watie katika sanduku letu.